Daftari la Jozi Arobaini

Don Leovigildo Asanza alikutwa amekufa saa nane na robo mchana, chini ya kabati la chuma la mafaili, miwani yake ikiwa bado usoni.

Inspekta Zoila Apolo alichuchumaa kando ya maiti bila kugusa kitu. Mzee alikuwa amelala ubavu, kama mtu aliyejipumzisha baada ya chakula. Kwenye pembe ya kabati palikuwa na damu iliyoanza kuganda na unywele mmoja wa mvi. Kifundo cha mkono wake wa kulia kilikuwa na alama nne nyekundu za vidole. Ndani ya kucha za mkono huohuo mlikuwa na nyuzi za kijani.

"Ameanguka," alisema Sajini Fausto Pindo kutoka mlangoni, akijipepea kwa kofia. "Miaka sitini na tatu, joto hili, presha. Tuandike hivyo, mkuu, twende tukale."

"Aliyeanguka peke yake ameshikwa mkono na nani?"

Pindo aliivaa kofia yake akaenda kuwaita watu wa alama za vidole.

Kituo cha Afya ya Kazi cha San Eloy kilikuwa nyumba ya vyumba vinne, migomba ikiizunguka pande tatu. Saa sita mchana watumishi wote walikwenda majumbani kula na kulala kidogo, ila mtunza kumbukumbu, aliyeitwa Don Leovigildo kwa heshima ya umri wake, ambaye alikula mezani pake kwa miaka thelathini. Aliyemkuta ni mkuu wa kituo, Daktari Iralda Feijoo. Alikuwa amesimama ukutani, mikono ameikunja.

"Kimeibwa nini, Daktari?"

"Nimeangalia mara tatu. Kompyuta zipo. Darubini zipo. Friji ya dawa ina kufuli lake. Limechukuliwa daftari moja tu, lenye jalada la kitambaa cha kijani."

"Lina nini?"

"Namba. Tunawapima damu wafanyakazi arobaini wa shamba la ndizi la La Clemencia. Tuliwapima Januari, kabla ndege haijaanza msimu wa mwaka huu wa kunyunyizia dawa migomba. Tukawapima tena Aprili, baada ya miezi mitatu ya kunyunyiziwa. Kila mtu alipewa namba moja Januari na namba nyingine Aprili, ili maabara ya mjini isijue nani ni nani. Daftari ndilo pekee lililojua."

"Hakuna nakala?"

"Mzee alikataa nakala. Wale watu wanaogopa kufukuzwa kazi. Aliwaahidi kwamba majina yao yatakaa sehemu moja tu, chini ya mkono wake."

Zoila aliutazama mkono huo, uliolala wazi sakafuni.

*

Meja Rendón hakupenda mambo yanayokaa sana mezani pake. Kabla ya saa kumi jioni alikuwa amekwisha kumpata mshukiwa.

"Mlinzi wa geti amemwona mwanamke saa saba," alisema. "Mfanyakazi wa La Clemencia. Jana alimtukana marehemu mbele ya watu. Nimemweka mahabusu. Chukua maelezo yake, ufunge faili. Ripoti ya damu inasomwa mkoani Ijumaa, na wakubwa hawataki kelele za polisi ziiharibu."

Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

Mwanamke aliyeketi katika chumba cha mahojiano alikuwa na mabega mapana, na viganja vilivyobabuka kama gamba la mti. Hakuinuka Zoila alipoingia.

"Jina?"

"Umeliandika hapo juu."

"Liseme wewe."

"Targelia Sanmartín. Miaka hamsini na mmoja. Mfunga ndizi kwenye makasha, mwaka wa ishirini na mbili huu. Sina mume. Andika na hilo, najua ndilo swali linalofuata."

"Jana ulimfokea Don Leovigildo."

"Nilimfokea. Na juzi nilimfokea. Angekuwa hai ningemfokea na kesho."

"Kwa nini?"

"Nilitaka jibu la damu yangu! Yeye kila siku: subiri, Doña Targelia, wote mtaambiwa siku moja. Miezi miwili ya subiri. Mzee mkaidi kama nyumbu." Akageuza uso. "Lakini alikuwa akinisindikiza mpaka getini. Kila mara. Kama vile mimi ni mke wa gavana."

"Leo saa saba?"

"Nilikwenda tena. Mlango umefungwa kwa ndani. Nikasikia sauti mbili, ya mzee na ya mwanamume mwingine, ya chini chini, sikuitambua. Mzee alisema kwa nguvu: 'Ni watu walewale! Ni watu walewale!' Nikagonga. Wakanyamaza. Nikaona wana mambo yao, nikaondoka."

"Watu walewale gani?"

"Ningejua ningekwambia. Sasa nikuulize na mimi, Inspekta. Daftari lina jina langu. Niliibe ili iweje? Mimi ndiye niliyekuwa nataka lifunguliwe!"

Zoila alifunga kalamu yake.

*

Injinia Holger Valarezo ndiye mtakwimu aliyepewa kazi ya kuandika ripoti ile. Huko San Eloy kila aliyemaliza chuo ni Injinia au Daktari, naye alikubali la kwanza bila ubishi. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na minane, shati limepigwa pasi, nyumba nadhifu, feni ikizunguka taratibu. Ripoti ilikuwa mezani, imekwisha kujaladiwa.

"Nimesikitika sana," alisema. "Mzee alikuwa nguzo ya kituo."

"Mara ya mwisho kuzungumza naye?"

"Wiki iliyopita. Jumatatu, nadhani."

"Leo saa saba ulikuwa wapi?"

"Sokoni, nakula supu ya samaki. Kibanda cha mwisho."

"Na nani?"

"Supu haihitaji wasaidizi, Inspekta."

Zoila hakucheka. "Ripoti yako inasema nini?"

Holger alivuta karatasi akachora mistari miwili iliyokatana. Sasa alionekana mtu mwingine, mwepesi, mwenye furaha ya kazi yake.

"Kuna vipindi viwili, Januari na Aprili. Kuna hali mbili, damu nzuri na damu iliyoshuka nguvu. Januari walioshuka ni kumi na wawili kati ya arobaini. Aprili ni ishirini kati ya arobaini. Mtu wa mtaani atapiga kelele: ndege inatuua! Mimi nauliza kwanza: je, bahati tupu inaweza kuleta tofauti kama hii? Ndiyo kazi ya jaribio la kai-mraba. Linajibu kwamba bahati tupu ingeileta kama mara saba katika mia. Na sisi kwenye fani yetu hatusemi kuna uhusiano mpaka ishuke chini ya tano. Kwa hiyo, ushahidi hautoshi. Ndege ziendelee kuruka."

"Saba na tano zimepishana kwa mbili tu."

"Mpira ukigonga mwamba si goli."

"Na daftari lililoibwa?"

"Halinizuii. Jumla zote ninazo. Ripoti itasomwa Ijumaa, lipatikane lisipatikane."

Walipotoka, Zoila alisimama kando ya gari.

"Pindo. Supu ya samaki sokoni inaisha saa ngapi?"

"Saa nne asubuhi," alisema Pindo kwa uchungu wa mtu aliyewahi kuchelewa. "Ukijikongoja mpaka saa tano unakuta sufuria imeshaoshwa. Nani asiyejua?"

"Anayeletewa chakula nyumbani."

*

Jumatano asubuhi daktari wa uchunguzi wa maiti alituma taarifa fupi. Marehemu alisukumwa kifuani, akagonga kisogo kwenye pembe ya kabati. Nyuzi za kijani zilikuwa za kitambaa cha kujaladia vitabu. Katika mfuko wa shati, karatasi moja iliyokunjwa mara nne.

Zoila aliipeleka kwa Iralda. Ilikuwa na mwandiko wa penseli, mdogo, wa mtu wa kale. Mraba mmoja umegawanywa vyumba vinne: 11, 1, 9, 19. Chini yake: 22 juu ya 1024. Na mstari wa mwisho, umepigiwa mistari miwili: *Si kai-mraba!*

Iralda aliisoma akatafuta kiti kwa mkono, bila kuangalia nyuma, akaketi.

"Aliona," alisema. "Mzee wa watu aliona kabla yangu."

"Nifafanulie kama unavyomfafanulia mtu aliyefeli hesabu. Nilifeli."

"Jaribio la Holger ni zuri, ila mahali pake. Linadhani umepima watu themanini mbalimbali, arobaini Januari, na arobaini wengine Aprili. Lakini hatukupima themanini. Tulipima arobaini, mara mbili. Ni watu walewale."

Zoila aliinua kichwa. "Sema tena."

"Ni watu walewale."

"Targelia aliyasikia maneno hayo kupitia mlangoni. Dakika chache kabla mzee hajafa. Endelea."

Iralda aliweka kidole kwenye vyumba vya mraba, kimoja kimoja. "Kumi na mmoja damu yao ilikuwa chini Januari, na Aprili bado chini. Hawa hawatuambii kitu kuhusu ndege, walikuja na shida yao. Kumi na tisa walikuwa wazima mwanzo na mwisho. Nao hawatuambii kitu. Wanaosema ni waliobadilika tu. Wako kumi. Mmoja alikuwa chini akapanda. Tisa walikuwa wazima wakashuka."

"Na kama dawa haina neno?"

"Basi kubadilika ni kama kurusha sarafu. Yupo atakayepanda, yupo atakayeshuka, nusu kwa nusu."

Zoila alitoa sarafu mfukoni. Akairusha juu ya meza mara kumi: tano kwa tano. Akarudia: sita kwa nne. Akarudia tena: saba kwa tatu.

"Unaweza kukesha," alisema Iralda. "Katika raundi 1024, tisa kwa moja, au kumi kwa sifuri, upande wowote, utazitegemea kama raundi ishirini na mbili. Mbili katika mia. Chini kabisa ya tano. Mzee aliipiga hesabu hiyo kwa penseli. Wenyewe wanaliita jaribio la McNemar. Mwanafunzi wa mwaka wa pili analijua."

"Holger analijua?"

"Analifundisha."

Feni ilikuwa haifanyi kazi, na jasho lilimtiririka Zoila shingoni. Hakulifuta.

"Na bila daftari?"

"Bila daftari hujui nani alibadilika. Unabaki na jumla mbili, kumi na wawili na ishirini. Na ukiwa na jumla tu, jaribio unaloweza kulitumia ni lile lake."

"Mwizi mwingine angefuta majibu," alisema Zoila polepole. "Huyu ameyaacha majibu yote, akaiba kinachoyaunganisha. Nani San Eloy anajua kwamba hicho ndicho cha kuiba?"

"Mimi. Marehemu. Na Holger."

"Karatasi hii inatosha?"

"Penseli ya marehemu, bila jina hata moja? Wakili wa shamba ataila kwa kahawa."

*

Kampuni ya simu ilijibu mchana huo. Jumanne, saa sita na dakika arobaini, simu ya kituo ilipiga nyumbani kwa Injinia Valarezo. Waliongea dakika sita.

Zoila alikwenda moja kwa moja kwa Meja Rendón kuomba hati ya upekuzi.

"Kupigiwa simu si kosa," alisema Meja.

"Alisema hawakuongea wiki nzima."

"Alisahau."

"Na supu?"

"Zoila. Unataka niende kwa hakimu, nivue kofia, nimwambie naomba kupekua nyumba ya mtakwimu wa mkoa kwa ajili ya supu?"

"Ndiyo, mkuu."

"Mfungulie mashtaka yule mwanamke. Leo hii."

"Sitamfungulia."

Meja aliinua macho toka kwenye karatasi zake. Katika miaka kumi na minne hakuwahi kusikia neno hilo kutoka kwa mtu aliye chini yake.

"Nimekuamuru."

"Basi niandikie. Andika kwamba Inspekta Apolo ameamriwa kumshtaki Targelia Sanmartín kwa sababu aligonga mlango. Weka na sahihi. Nitaitundika amri hiyo ofisini kwangu."

Kalamu ilikuwa mkononi mwa Meja. Haikuandika. Zoila alisubiri mpaka ikawa wazi kwamba haitaandika, kisha akateremka ngazi mpaka mahabusu, akachukua funguo kwa Pindo, akafungua mlango mwenyewe.

"Unakumbuka namba zako?" alimwuliza Targelia.

"Kumi na saba na sitini na moja. Walitupa vikaratasi tulipotolewa damu. Vyangu viko nyuma ya picha ya Bikira."

"Na wenzako?"

Targelia alikuwa mwanamke mwepesi wa akili. Alielewa kabla hajamaliziwa.

"Unataka tulitengeneze daftari upya."

"Wote arobaini. Na lazima mjue, majina yatakuwa wazi. Don Leovigildo aliwaahidi siri, mimi siwezi kuwaahidi. Watu wa shamba watawajua."

"Inspekta, wanatujua miaka yote kwa migongo. Sasa watatujua kwa majina." Alichukua kandambili zake zilizokuwa mlangoni. "Kesho saa tatu. Ukichelewa tutaanza bila wewe."

*

Alhamisi saa tatu kasorobo foleni ilikuwa imeshatoka nje ya geti la kituo, ikapinda mpaka barabarani. Wanaume wenye mapanga kiunoni, wanawake wenye aproni za plastiki. Ilikuwa siku ya kazi, na hakuna hata mmoja aliyeomba ruhusa. Ng'ambo ya barabara gari jeupe la La Clemencia lilikuwa limeegeshwa, na ndani yake mtu alikuwa akipiga picha za nyuso.

"Piga na huu ubavu wa kushoto!" alipaza sauti Targelia. "Ndio mzuri!"

Foleni nzima ikaangua kicheko, ikageukia gari, ikasimama wima kama inayopigiwa picha ya harusi.

Ndani, Zoila alikuwa amemwita Holger Valarezo kwa barua rasmi, kama mtaalamu. Alimwekea meza, karatasi moja kubwa, na kalamu.

"Wewe ndiye mtakwimu wa mkoa," alimwambia. "Kaa. Hesabu."

"Hii si kazi yangu, Inspekta. Data zimeshafungwa."

"Zilifungwa na nani?"

Holger aliketi.

Alitangulia Targelia. Aliweka vikaratasi viwili mezani. "Targelia Sanmartín. Kumi na saba na sitini na moja."

Iralda alisoma kwenye kompyuta. "Januari, nzuri. Aprili, imeshuka."

Holger alipiga kistari katika chumba kimoja cha mraba.

"Imeshuka," alisema Targelia. "Basi nilikuwa mzima, nikaharibika."

"Ndiyo, Doña," alisema Iralda.

"Asante. Ndilo neno nililokuwa nalitaka."

Hakuondoka. Alikwenda kusimama ukutani, mbele ya Holger. Aliyefuata naye alipomaliza akasimama kando yake. Na aliyefuata. Kila mmoja alitaja jina lake kwa sauti, wengine wakipiga kelele kana kwamba yule wa kwenye gari ni kiziwi. Mmoja alikuwa amehamia mji wa Guayaquil, akapiga simu; Iralda aliinua simu juu ili wote wasikie. Eudoro Pineda hakuwa na kikaratasi cha Aprili, mkewe alikifua pamoja na suruali; wenzake wakamzomea. Lakini wote walipomaliza ilibaki namba moja tu isiyo na mwenyewe, ikawa yake.

Saa sita kasoro dakika tano, ukuta ulikuwa umejaa watu. Hapakuwa na nafasi ya kupita wala hewa ya kutosha.

"Soma," alisema Zoila.

Holger alisoma. "Kumi na moja. Moja. Tisa. Kumi na tisa."

Zoila aliweka karatasi ya penseli kando ya karatasi kubwa. Vyumba vinne, namba zilezile. Kisha akasogeza kalamu mbele yake.

"Chagua jaribio, Injinia."

"Ripoti ilikwisha..."

"Sikuulizi ripoti. Una watu, una makundi, una vipindi viwili. Watu wenyewe hawa hapa, wamesimama. Andika jina la jaribio linalofaa, na sababu yake. Ukiona kai-mraba ndilo lake, liandike, utie sahihi mbele yao."

Kalamu iligusa karatasi. Ilikaa hapo. Nukta ya wino ilianza kukua.

"Mnajua mnachofanya?" alisema Holger ghafla, akawageukia watu wa ukutani. "Mnajua? Namba hii ikifika mkoani, La Clemencia itafungwa! Mtakula nini? Mtakwenda wapi? Nilimwambia hivihivi mzee, nilimpigia magoti, akawa anarudia tu, ni watu walewale, ni watu walewale..."

Alisikia mwenyewe alichosema. Chumba kizima kilikisikia.

"Ulimwambia lini?" aliuliza Zoila.

Holger aliangalia mlango.

"Wiki nzima hamkuongea. Jumanne saa sita na dakika arobaini alikupigia, mkaongea dakika sita. Saa saba ulikuwa unakula supu ambayo ilikwisha saa nne. Lini, Holger?"

"Sikutaka afe."

"Lini?"

"Jumanne." Aliweka kalamu chini, akainyoosha ilingane na ukingo wa meza. "Nilipita nyuma, kwenye migomba. Nina ufunguo wa mlango wa nyuma. Alinionyesha hesabu yake kama mtoto aliyeshinda mtihani. Alidhani nimekosea! Alidhani nitafurahi kusahihishwa. Nikamwambia sikukosea, Don Leo, nimechagua. Akanitazama... Nikachukua daftari. Akalishika. Nikamkamata mkono, nikamsukuma. Mara moja tu. Kabati lilikuwa nyuma yake."

"Walikulipa?" aliuliza Pindo.

"Hawakunilipa!" Ilikuwa mara ya kwanza kupandisha sauti kwa kiburi. "Hata jina langu hawalijui. Nilizaliwa Río Seco, kwenye kiwanda cha sukari. Nikiwa na miaka tisa walikuja watu wema kutoka mjini na vifaa vyao, wakapima mapafu ya watu, wakaandika ripoti ya kurasa nne. Kiwanda kikafungwa ndani ya miezi miwili. Baba alikwenda kutafuta kazi, hatukumwona tena. Mama alichokoa kome kwenye matope mpaka miguu ikaoza. Hakuna aliyerudi kutupima tena! Niliapa hakuna ripoti itakayopita mkononi mwangu ifunge mahali watu wanapopata chakula. Na niliona njia. Si uongo hata kidogo. Jaribio halali, limekosewa mahali pake tu. Nani angejua?"

"Mtunza kumbukumbu alijua," alisema Iralda. Alikuwa analia bila kujificha.

Targelia alijibandua ukutani, akaja mpaka mezani. Aliegemeza viganja vyake vilivyobabuka juu ya karatasi, pande zote mbili za mraba.

"Baba," alisema, na haikuwa heshima, "nani alikwambia tunataka lifungwe? Ulituuliza? Tulichoomba ni ndege isitumwagie tukiwa chini yake. Ipige honi, tutoke, imwage, tusubiri, turudi. Basi. Ndicho tulichoomba miaka sita. Wewe umetuhurumia mpaka umeua mtu, na hata siku moja hukuja kuuliza."

Holger aliviangalia viganja vile.

"Daftari liko wapi?" aliuliza Zoila.

"Nyumbani. Chini ya godoro." Alijifuta uso kwa mkono wa shati. "Niliwasha kiberiti mara mbili. Nimeshindwa kulichoma. Ni data."

Pindo alimfunga pingu. Zoila alimsomea onyo la kisheria polepole, kifungu kwa kifungu, na watu wa ukutani wakasikiliza mpaka mwisho. Daftari lilipatikana saa nane, jalada la kijani limechanika pembeni, na nyuzi zake zikalingana na zile za kucha za marehemu.

*

Jioni Meja Rendón alikuwa akimsubiri Zoila ofisini, amesimama.

"Umemwachia mshukiwa bila amri yangu. Umewaita wafanyakazi kuacha kazi. Shamba limepiga simu mara tano."

"Muuaji yuko mahabusu, mkuu. Maelezo yake ya kukiri yametiwa sahihi mbele ya mashahidi."

"Jalada la mauaji ni letu. Mambo ya damu na ndege si ya polisi. Utaondoa ule mraba na majina kabla ya kumpelekea mwendesha mashtaka."

"Hayaondoki. Ndiyo sababu ya kuuawa kwa mtu. Nikiyatoa, Don Leovigildo atakuwa ameanguka tu."

"Zoila, nakuhamishia mpakani. Wiki ijayo."

"Sawa, mkuu. Leo bado niko hapa."

Ijumaa asubuhi ripoti iliyojaladiwa haikusomwa mkoani. Iralda Feijoo alisoma nyingine, ya ukurasa mmoja, yenye mraba mmoja na jaribio moja, na wajumbe walipomwuliza namba hizo zimetoka wapi, aligeuka akawaonyesha viti vya nyuma. Walikuwa thelathini na tisa, wote isipokuwa yule wa Guayaquil. Mkoa ulitoa amri ya siku tisini: ndege isiruke shambani mpaka watu wawe wametoka. Wakili wa La Clemencia alikata rufaa siku hiyohiyo. Jumatatu ndege iliwashwa kama kawaida, alfajiri, na rubani alipofika juu ya migomba alikuta wafanyakazi wote wa La Clemencia, si wale waliopimwa tu, wamekaa chini katikati ya mistari, wameinua nyuso juu, wanamtazama. Alizunguka mara mbili.

Kisha akageuza ndege, akarudi na dawa yake yote.